UKURASA WA AFYA: Ukibadilisha ekzosi ya gari, linda pumzi ya abiria



Wapendwa wasomaji, somo letu la mwezi huu linahusu ekzosi, yaani bomba la moshi la gari. Huenda wengine mtashangaa kuliona jambo la gereji katika ukurasa wa afya. Lakini vijana wetu wengi hupenda magari madogo yenye mlango mkubwa wa nyuma na injini yenye nguvu, kama Volkswagen Golf GTI, lililoanza kuuzwa mwaka 1976. Akishalipata, kijana hulipeleka kwa fundi afungiwe ekzosi nyingine, ili gari lichomoke upesi na lingurume. Hatuandiki kuwagombeza. Tunataka tuelewane juu ya jambo moja: ekzosi ndiyo inayoitenga sumu ya injini na pumzi za watu waliomo garini. Anayeikata na kuiunga upya ameshika uhai wao mikononi.

1. Kazi ya ekzosi

Moshi hutoka kwenye injini kupitia manifoldi, ambayo huukusanya pamoja. Kisha hupita katika masega. Mafundi huyaita hivyo kwa sababu ndani yana vitundu vingi kama masega ya nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini kama platini, paladi na rodi, na vikishapata moto huigeuza sehemu kubwa ya sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kwa mpumuaji. Baadaye moshi hupita kwenye sailensa inayopunguza kelele, na mwisho hutoka kwa bomba la nyuma.

Masega yakiwa baridi hayafanyi kazi. Kwa hiyo gari linapowashwa asubuhi, moshi wake huwa na sumu nyingi zaidi. Na gari lililotolewa masega hutoa sumu hiyo safari nzima.

2. Sumu isiyoonekana

Sumu tunayoiogopa zaidi ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimkerezi mtu kooni. Ikivutwa huingia katika damu na kujishikiza kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi. Basi mtu anapumua, lakini damu yake haina nafasi ya kubeba oksijeni. Ubongo na moyo huumia kwanza. Mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mwenye ugonjwa wa moyo wamo katika hatari kubwa zaidi. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika hata kama mama yake haonekani kuzidiwa.

3. Kwa nini gari la mlango wa nyuma?

Tazameni gari dogo la namna hii likipita barabara ya vumbi. Kioo cha nyuma huchafuka upesi kuliko vioo vya ubavuni. Sababu yake ni kwamba gari likienda, hewa ya nyuma huzunguka na kurudi kwenye mlango ule. Njia inayoleta vumbi ndiyo inayoleta moshi. Bomba likikatwa fupi likaishia chini ya gari, au raba ya mlango ikiwa imechakaa, moshi huingia walipo abiria. Kusafiri na mlango wa nyuma ukiwa wazi kwa sababu ya mzigo ni hatari kwa sababu hiyo hiyo.

4. Mambo ya kumwambia fundi

(a) Usiyatoe masega. Ekzosi inaweza kubadilishwa kuanzia nyuma ya masega, na gari likapata sauti nzito bila sumu kuongezeka namna hiyo. Kuyavunja masega ili kuyatoa humwaga pia vumbi lenye madhara kwa mapafu ya fundi.

(b) Bomba la mwisho litokeze nje, lipite bampa la nyuma. Lisiishie chini ya sakafu.

(c) Kila kiungo kiwekwe gasketi mpya, na raba za kuning'inizia zilizochoka zibadilishwe. Bomba linalocheza hupasuka kwenye maungio.

(d) Kabla ya kuondoka, gari likaguliwe kama linavuja. Injini ikiwa bado baridi, iwashwe mahali pa wazi na viungo vipakwe maji ya sabuni. Panapovuja patatoa mapovu. Baada ya siku chache za kutembea, nati zikazwe tena, kwa maana joto huzilegeza. Masizi meusi kwenye kiungo ni alama ya uvujaji.

(e) Injini isiwashwe ndani ya chumba au banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Kufungua mlango mmoja hakutoshi.

(f) Fundi asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Ziwekwe stendi imara. Asiguse bomba kabla halijapoa. Na achomeleaye bomba lililopakwa zinki afanye kazi nje penye upepo, maana mvuke wake huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala mafuta, na msitumbue malengelenge.

5. Dalili na huduma ya kwanza

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Ikizidi, mtu huzimia na hata kufa. Dalili hizi huchanganywa kwa urahisi na malaria. Basi jiulizeni: Je, waliokuwa gari moja wameugua pamoja? Je, wanapata nafuu wakishuka na kurudiwa wakipanda? Je, hawana homa? Majibu yakiwa ndiyo, ishukuni ekzosi.

Zimeni injini, fungueni milango yote, na mtoeni mgonjwa kwenye hewa safi. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kiubavu. Asiyepumua asaidiwe kupumua na anayejua kufanya hivyo, huku usafiri mwingine ukitafutwa. Msimpeleke hospitali kwa gari lile lile. Hata aliyepata nafuu apelekwe.

Mkifika, mwambieni mhudumu waziwazi kwamba mgonjwa alikuwa ndani ya gari, na kwamba ekzosi imebadilishwa. Maneno hayo yana thamani kubwa, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ya kutosha wakati damu imejaa sumu. Kwa hewa ya kawaida, sumu hupungua hadi nusu kwa muda wa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi ya hospitali, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi.

6. Kelele

Masikio nayo yana kipimo chake. Wataalamu hushauri mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo ukatwe nusu. Uziwi unaoletwa na kelele huingia polepole na haurudi nyuma. Kijana apitaye usiku akingurumisha gari mbele ya wodi au nyumba yenye mtoto mchanga akumbuke kwamba kuna mgonjwa aliyekuwa ndiyo kwanza amepata usingizi.

7. Dhamiri yetu

Amri ya tano inatufundisha kutunza uhai, wetu na wa wenzetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema wazi kwamba wanaohatarisha usalama wa watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi wana kosa kubwa. Anayejua kwamba bomba lake linavuja, akawapakia mama na watoto kwenda Misa, naye ajiulize vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni nani kati yetu ana gari lililobadilishwa ekzosi, na lilikaguliwa lini?
2. Tutawasaidiaje mafundi vijana wa mtaa wetu wapate stendi na mahali pa wazi pa kufanyia kazi?
3. Je, kila mmoja wetu anaweza kutaja dalili tatu za sumu ya moshi wa gari?

Wazazi, msomeeni somo hili kijana mwenye gari. Mungu awalinde safarini.