Fizikia na kemia kwa uzi, jiwe na majivu

Mwalimu wa sayansi anajibu maswali ya wazazi na wanafunzi wa Rulenge, wilayani Ngara.

Mwalimu, binti yangu anaambiwa fizikia ni ya wavulana. Aendelee nayo kidato cha tatu?

Aendelee, mama, na anayemwambia hivyo anampotosha. Kinachowaangusha wengi, wavulana kwa wasichana, ni hesabu: uwiano, vipimo, kuigeuza kanuni ili kupata kisichojulikana. Hayo ayamalize mapema. Kingine ni lugha. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari anakutana na Kiingereza, basi anakariri asichokielewa. Akueleze somo jioni kwa Kiswahili, au hata kwa Kishubi au Kihangaza. Akiweza kukueleza ukaelewa, Kiingereza cha mtihani atakiandika.

Shikamoo mwalimu. Maabara yetu haina vifaa vya kutosha. Mtihani wa vitendo nitaufanyaje?

Marahaba. Anza na penduli, kwa kuwa haihitaji duka. Funga jiwe dogo kwenye uzi, ulining'inize kwenye msumari, upime mita 1 kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe. Livute pembeni kidogo tu, uliachie, uhesabu kwenda na kurudi mara 20 kwa saa ya simu. Utapata karibu sekunde 40. Fupisha uzi uwe sentimita 25, urudie: karibu sekunde 20. Urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu. Sasa funga jiwe zito zaidi, urefu uwe uleule. Muda haubadiliki, na hapo ndipo wanafunzi wengi hushangaa.

Kwa nini mara 20, si mara moja? Kidole chako huchelewa kidogo kubonyeza saa. Ukigawanya kwa 20, kosa hilo nalo linagawanyika. Pima urefu tano tofauti, uchore grafu ya mraba wa muda wa mzunguko mmoja dhidi ya urefu. Mstari utanyooka, na kutokana na mteremko wake utapata mchapuko wa mvutano wa dunia, karibu mita 9.8 kwa sekunde mraba. Jedwali uliandike wakati unapima. Anayejaza namba baadaye kwa kukumbuka anajizoesha kudanganya, na sayansi haivumilii hilo.

Na kemia je?

Choma maganda makavu ya ndizi, loweka majivu, chuja: una alikali, kwa sababu ya kaboneti ya potasiamu iliyomo. Chemsha choya upate maji mekundu, ndicho kiashiria chako. Kwenye maji ya limau yatabaki mekundu. Kwenye maji ya majivu yatageuka kuelekea kijani. Kisha dondoshea limau kwenye maji ya majivu, tone kwa tone, mpaka rangi igeuke. Bureti ya maabara hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa ujazo unaosomeka.

Tindikali ya betri za sola msiiguse kabisa. Na maabarani, tindikali kali humiminwa polepole ndani ya maji. Ukimimina maji ndani yake, huchemka na kuruka usoni.

Masomo haya yana kazi gani hapa Ngara?

Nenda Rusumo. Maji ya Mto Kagera yanazungusha mitambo ya megawati 80, umeme unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kabanga kuna mashapo ya nikeli, shaba na kobalti, na kuyatenganisha na salfa ni kemia tupu. Ajira siwezi kukuahidi, ila bila masomo haya utaishia kuwa mtazamaji.

Nikiona matokeo tofauti na kitabu, nifanyeje?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wakitengeneza aiskrimu, aliona mchanganyiko wake wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, huku wenzake wakicheka. Osborne alilipima jambo lile, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Watafiti bado wanabishana kuhusu sababu, na hata kama hali hiyo hutokea kila mara.

Wewe rudia jaribio kwanza kwa vyombo vilevile. Likirudi vilevile, andika joto, ujazo na muda, umpelekee mwalimu daftari.