SOMO: SABURI YA PADRE CONGAR NA MATENGENEZO YA KANISA LA ROMA

Someni: Wagalatia 2:11-14, Waefeso 4:1-6.



Sisi tukaao Nachingwea na Ruangwa twaishi mlango kwa mlango na ndugu Wakatoliki. Twazikana, twaoana, na mashamba yetu yapakana. Wazee wakumbuka Misa ya Kilatini. Leo yasomwa kwa Kiswahili. Mabadiliko hayo yametoka wapi? Yatupasa tujue, maana latuhusu sisi pia.

Yves Congar alizaliwa Ufaransa mwaka 1904, akawa mtawa wa shirika la Wadominiko. Utengano wa Wakristo ulimhuzunisha, akayasoma maandiko ya Luther kwa bidii. Mwaka 1950 alitoa kitabu juu ya matengenezo ya kweli na ya uongo katika Kanisa. Alifundisha kwamba matengenezo ya kweli yana alama nne. Yatanguliza upendo na haja za watu, yadumu katika ushirika, yana saburi, tena yarudi kwenye chemchemi za imani, wala hayafuati upya kwa kuwa ni upya tu.

Wakubwa wake hawakupendezwa. Mwaka 1954 aliondolewa katika kazi ya kufundisha. Hakuliacha Kanisa lake, wala hakuacha kuandika. Mwaka 1960 Papa Yohane wa 23 alimwita asaidie kuandaa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana 1962 hadi 1965. Humo alisaidia kutunga hati juu ya Kanisa, umoja wa Wakristo na umisheni. Kazi hiyo haikuwa yake peke yake, lakini mkono wake waonekana. Mwaka 1963 Mtaguso uliruhusu lugha za watu katika ibada; mwaka huo huo liliundwa Jimbo Katoliki la Nachingwea, ambalo tangu 1986 laitwa Jimbo la Lindi. Mwaka 1994 yule aliyenyamazishwa akafanywa kardinali.

Basi, je, Luther alikosa? La. Luther hakujitenga, alitengwa na Papa mwaka 1521. Saburi si kunyamaza mbele ya uongo. Paulo alimkemea Petro mbele ya watu wote, wala hakuanzisha kanisa la Paulo.

Lakini siku hizi mtu akionywa na wazee wa usharika, Jumapili ifuatayo akusanya watu wake chini ya mkorosho na kuliita kanisa. Tumwulize kwa upole: umetoka kwa ajili ya Injili, au kwa ajili ya kiti? Nasi wazee tujiulize: je, tumemwonya kwa upendo, au tumemziba kinywa kwa sababu alisema kweli?

Maswali kwa walimu:
1. Ni alama ipi kati ya zile nne iliyopungua katika usharika wetu?
2. Mwaka 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Twawezaje kulifundisha neno hilo majumbani mwetu?

Bwana atupe ujasiri wa kusema kweli, na saburi ya kukaa pamoja. Amina.