Ujira Uliozuiliwa: Majibu kwa Wanaotaka Kufika Mbele ya Tume

Swali: Mimi ni mpishi katika mkahawa mmoja wa Dar es Salaam. Sijalipwa mshahara wa mwezi uliopita, na kila nimwendeapo tajiri huniambia, "Ngoja mwisho wa mwezi." Ningoje mpaka lini?

Jibu: Usingoje. Katika Tanzania Bara madai ya namna hii hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Na kanuni zake za mwaka 2007 zimeagiza kwamba mgogoro wa mshahara uwasilishwe ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, ilhali anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu. Hapa ndipo walipopotelea wengi waliokuwa na haki iliyo wazi, kwa kuwa walisadiki maneno matamu ya tajiri hata muda ukawaponyoka. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa atoe sababu madhubuti ya kuchelewa kwake, na kusema "aliniahidi" aghalabu hakuhesabiwi kuwa udhuru. Jaza Fomu Na. 1 ya Tume, umpelekee mwajiri nakala, upate sahihi yake au ithibati nyingine kwamba imemfikia, kisha uiwasilishe ofisini. Ahadi na iendelee kusikilizwa, maadamu fomu imekwisha kupokewa.

Swali: Sikupewa mkataba wa maandishi. Si atanikana?

Jibu: Huenda akakukana, nawe usiwe na hofu kupita kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemwekea mwajiri dhima ya kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalodaiwa humwangukia yeye. Hata hivyo yakupasa kwanza uonyeshe kwamba ulikuwa mtumishi wake. Ujumbe wa simu unaoonyesha fedha zilizoingia kutoka namba yake kila mwanzo wa mwezi, au picha ya orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani jikoni na jina lako limo, kwangu mimi vina uzito kuliko mashahidi watatu walio jamaa zako. Usifute ujumbe hata mmoja.

Swali: Nimeitwa kwenye usuluhishi. Nijitayarishe vipi mbele ya hakimu huyo?

Jibu: Huyo si hakimu, na kumdhania hivyo kumewaponza watu wengi, ambao huingia chumbani wakitoa hotuba za kumshawishi mtu asiye na mamlaka ya kuwahukumia. Msuluhishi huwakalisha nyote wawili, husikiliza, na pengine humtoa mmoja nje ili azungumze na mwenzake faraghani, akipima ni kiasi gani huyu yu tayari kulipa na yule yu tayari kupokea. Mnayosema humo ni ya siri, hayachukuliwi baadaye kuwa ushahidi. Kwa hiyo kukubali kupunguza madai yako kwa ajili ya suluhu hakukudhuru huko mbele. Muda wake ni siku 30, isipokuwa nyinyi wenyewe mkikubaliana kuuongeza.

Nenda na hesabu iliyoandikwa: mshahara wa mwezi gani, siku ngapi za likizo, saa ngapi za ziada, ambazo kisheria hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Na mkisikizana, soma hati ya makubaliano neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Makubaliano yasemayo "mwajiri atalipa hali ikiruhusu" ni karatasi tupu. Yataje kiasi na tarehe, na ikiwa ni kwa mafungu, kila fungu na siku yake. Mkishindwana, shauri huendelea kwa mwamuzi, naye ndiye asikilizaye ushahidi wa kiapo na kutoa tuzo ndani ya siku 30 baada ya kuufunga usikilizaji.

Swali: Mimi ndiye mwajiri. Nisipokwenda je?

Jibu: Sheria yamruhusu msuluhishi kuyaamua malalamiko iwapo mlalamikiwa hakuhudhuria, kama awezavyo kuyafuta iwapo mlalamikaji ndiye aliyekosa kufika. Nenda.

Swali: Jokofu nililonunua dukani limeharibika wiki ya pili na mwenye duka hataki kulipokea. Je, nami niende kwenye Tume hiyo?

Jibu: La, hiyo ni ya mambo ya kazi peke yake, nami nasikitika kwamba mnunuzi hana mlango mmoja ulio wazi namna hiyo. Mwenye malalamiko ya umeme au maji humwandikia kwanza mtoa huduma, na asiporidhika huyafikisha kwa mdhibiti wa huduma hizo, EWURA. Ya simu huenda kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA. Kwa bidhaa kama yako kuna Tume ya Ushindani, na mahakama pia. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2016, wana Mahakama ya Madai Madogo, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za huko na kutakiwa kuyamaliza kwa siku 60. Natamani tungekuwa na mfano wake. Kwa sasa shika risiti yako, umwandikie mwenye duka barua, ubaki na nakala.

Swali: Nimepata tuzo, na tajiri halipi.

Jibu: Tuzo hukazwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, mfano wa hukumu yoyote ya mahakama. Mwajiri asiyeridhika ana wiki sita za kuomba tuzo hiyo itenguliwe, kwa hiyo uliza kwanza kama amekwisha kupeleka maombi hayo. Kama hakupeleka, omba utekelezaji, na uje na orodha ya mali zake uzijuazo: gari, mashine, akaunti ya benki. Mahakama haitakutafutia.