SELIMUNDU: MARADHI YA KURITHI KWA BABA NA MAMA



Wapenzi wanafunzi na wazazi, katika somo letu la afya tunazungumzia maradhi ya kurithi, na tumechagua selimundu kwa kuwa yako karibu nasi mno. Inakadiriwa kwamba Tanzania peke yake huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye maradhi haya kila mwaka.

Chembe nyekundu za damu iliyo nzima ni za mviringo na laini, na huishi kiasi cha siku 120. Za mgonjwa wa selimundu hujikunja mfano wa mundu, zikawa ngumu, zikaziba mishipa midogo, na hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Hapo ndipo zinapotoka dalili: mtoto akifikia miezi sita hivi huvimba viganja na nyayo, macho huwa ya manjano, damu hupungua, na hushikwa na maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Wengine hupata kiharusi wangali wadogo. Si uchawi wala kijicho, na hayaambukizi kwa kula sahani moja.

Kila mtu hupokea vinasaba viwili vya kutengeneza himoglobini, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Majibu ya kipimo huandikwa kwa herufi. AA ni mzima. AS amebeba kinasaba kimoja lakini kwa kawaida haumwi. Tena hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo alilolibainisha Anthony Allison mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki. SS ndiye mgonjwa, naye amepokea S moja kwa kila mzazi. Basi mume anayemwambia mkewe "ukoo wenu una damu mbaya" ajue nusu ya damu hiyo ni yake.

AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuwa SS. Lizingatieni neno "kila mimba". Wapo wanaohesabu kwamba wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo! Hesabu huanza upya kila mara, kama kurusha sarafu. AS akioa AA hawapati mtoto wa SS. Kwa hiyo vijana, hasa mnaooana watoto wa ndugu, pimeni kabla ya posa, si baada ya kadi kuchapishwa. Saudi Arabia imelifanya sharti tangu mwaka 2004, ingawa majibu hayawazuii wachumba kuoana.

Tiba zipo: dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, pamoja na kinga ya malaria, kujikinga na baridi, na maji mengi. Ukosefu wa maji huamsha maumivu, kwa hiyo kabla ya Ramadhani mgonjwa amuulize daktari. Sharia imempa ruhusa ya kula, na asiyetarajiwa kuweza kufunga hutoa fidia. Na darasani, mwenzenu akiomba kwenda kunywa maji mara tatu katika kipindi kimoja, sisi walimu tumruhusu, nanyi msimcheke.