Kifundo cha Mguu na Mteremko wa Mushaki: Mafunzo Niliyopata

Novemba 2022, baada ya mvua ya usiku kucha, nilikuwa nashuka kutoka malishoni Mushaki na bidoni la maziwa begani. Nikateleza, mguu wa kulia ukapinda chini yangu, na mfupa ukavunjika kwenye kifundo. Sisi wa milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, tunaujua uzito wa ajali hiyo, maana huku ukitoka mlangoni unapanda au unashuka.

1. Usiseme "nimeteguka" kabla ya kupimwa. Mimi nilisema hivyo siku mbili, mguu ukizidi kuvimba. Daktari aliponiona alianza na mambo mawili: ulipoanguka, uliweza kupiga hatua nne? Na nikibonyeza mfupa nyuma ya nundu hii ya kifundo, panauma? Hatua nne zilinishinda, na alipobonyeza nilipiga kelele. Utaratibu huo ulitungwa Ottawa, Kanada, na Ian Stiell na wenzake, ukachapishwa mwaka 1992, ili ijulikane ni nani hasa anahitaji kupigwa radio. Natamani kila kijiji chetu kiujue, kwa sababu kwetu picha ya mfupa ni safari, na safari ni pesa ya mbuzi.

2. Kitambaa kisikaze. Mzee anayeunga mifupa kijijini alinifunga vipande vya mianzi kwa roho safi, na ninamheshimu hadi leo. Lakini kifundo kilichovunjika huendelea kuvimba, na kitambaa hakitanuki. Usiku wa manane vidole vikawa baridi, kisha ganzi. Mke wangu hakungoja kukuche. Alikata vitambaa vyote kwa kisu. Baadaye muuguzi alituambia alikuwa ameuokoa mguu. Maumivu yanayozidi kila saa, vidole baridi, ganzi, au rangi iliyobadilika ni dalili kwamba damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Plasta ya hospitali nayo ikibana hivyo, rudi mara moja, hata kama ni usiku.

3. Funga mguu kabla ya kupanda pikipiki. Njia ya kushuka hadi mji wa Sake ni mawe na mashimo. Kaka yangu aliuzungushia mguu mto wa kulalia, akaufunga polepole, na kila baada ya muda alisimamisha pikipiki aguse vidole. Mbele yetu kulikuwa na Goma, mji wenye madaktari wa mifupa. Hospitali ya huko ya HEAL Africa yenyewe ilianzishwa mwaka 2000 na daktari mpasuaji wa mifupa, Jo Lusi, na mkewe Lyn.

4. Wiki sita za plasta, mguu ukae juu kuliko moyo. Nilipoushusha, ulivimba. Nilipouinua, ulipungua.

5. Plasta ikitoka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Hili sikuambiwa na mtu, na ndilo lililoniumiza zaidi. Mguu ulitoka mwembamba, umekakamaa kama mti. Kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinishika mkono akasema, "Papa, kupanda utaweza mapema. Kushuka ndiko kutakukawiza." Ukishuka, goko huinama mbele juu ya unyayo, na kifundo kilichokaa wiki sita bila kukunjwa hakikubali. Akanifundisha kusimama mbele ya ukuta na kusogeza goti mpaka liuguse, kisigino kikibaki chini. Siku ya kwanza vidole vyangu vilikuwa karibu kuugusa ukuta wenyewe. Kila wiki nilirudi nyuma kidogo. Kisha kusimama kwa mguu mmoja, nikihesabu. Fimbo aliihamishia mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, nami nilikuwa nimeishika kulia muda wote huo.

6. Fanya mazoezi kwenye njia utakayoipita. Niliporudi Mushaki niliacha uwanja tambarare, nikashuka mteremko uleule kila asubuhi, hatua kumi, kisha ishirini. Februari 2023 vita vikafika Mushaki. Tulishuka kuelekea Sake kwa miguu, mtoto mgongoni kwa mama yake, godoro kichwani kwangu, fimbo mkono wa kushoto. Tulipofika nilikaa chini, nikavua kiatu, nikaweka mguu juu ya godoro. Ulikuwa umevimba. Mke wangu akavishika vidole kimoja kimoja. Vilikuwa na joto, na vyote vilicheza.