TUAMUE MAPEMA, TUOKOE MAMA

Mwaka 1973 watu wengi nchini walikaa katika vikundi wakasikiliza redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Walijadiliana, wakaamua, wakachimba vyoo. Leo tujadili uamuzi mwingine: kumwahisha mama mjamzito hospitali.

Tuchukue mfano. Mama ana mimba ya miezi minane. Familia inakaa shambani, mbali na kijiji, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Usiku mama anatokwa damu. Mume amesafiri. Mama mkwe anasema, "Tumngoje mwenye mke." Shemeji anasema, "Fedha hatuna." Kunakucha, hawajaamua. Mama anaishiwa nguvu.

Watu hawa wanampenda mama. Lakini hawakupanga mapema. Damu haingoji. Inaweza kumuua mama kwa saa chache.

Tufanye nini?

1. Mume, mke na wazee wakae pamoja mapema. Wamtaje mtu atakayeamua mume asipokuwepo. Mama mwenyewe akisema hali ni mbaya, asikilizwe.

2. Tukiuza ufuta au korosho, tuweke akiba ya safari. Akiba hiyo isiguswe kwa jambo jingine.

3. Huku Nachingwea na Ruangwa, mvua za Desemba hadi Aprili huharibu njia. Siku zikikaribia, mama arudi kijijini, karibu na zahanati. Tupatane mapema na mwenye pikipiki au gari. Tuwajue pia ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

4. Wote nyumbani wazijue dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kifafa, homa kali, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona hata moja, usingoje. Nenda zahanati au hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Mama ahudhurie kliniki tangu mimba ikiwa changa. Huko atapimwa damu na shinikizo la damu, naye aulize asilolielewa.

Maswali ya kujadili:

Katika nyumba yako, nani ataamua usiku wa leo?
Fedha ya safari iko wapi?
Nani atamsindikiza mama, na nani atabaki na watoto?

Kama hamna majibu, kaeni leo mpange. Kesho mwenye pikipiki aambiwe.