SOMO LA WIKI: Kupandisha toleo la lango pacha la mtandao bila kufunga biashara

SOKO la hati za serikali ya Marekani lilipata mshtuko Novemba 8, 2023, pale kampuni tanzu ya benki ya China ya ICBC iliyoko New York iliposhambuliwa na wahalifu wa kompyuta. Mitambo yake ilibidi ikatwe kwenye mtandao. Mashirika ya habari yaliripoti wakati huo kuwa maelezo ya malipo ya biashara yalipelekwa kwa mkono wa tarishi, yakiwa ndani ya flashi, na kwamba kampuni hiyo ilijikuta ikidaiwa na benki ya BNY Mellon dola bilioni 9 kwa muda, hadi mwenye kampuni alipoongeza mtaji.

Siku iliyofuata mnada wa hati za miaka 30, wenye thamani ya dola bilioni 24, ulidorora. Wapo madalali waliouhusisha udhaifu huo na shambulio, na wapo waliosema kuwa wanunuzi hawakupenda bei tu. Ubishi huo tuwaachie wenyewe.

Kinachotuhusu katika somo hili ni lango. Wataalamu wa usalama waliofuatilia tukio hilo walieleza kuwa kampuni hiyo ilikuwa na lango la mtandao aina ya NetScaler, linalotengenezwa na Citrix, ambalo halikuwa limewekewa toleo jipya. Toleo hilo lilikuwa limetolewa Oktoba 10, 2023. Hizo ni siku 29.

Kasoro iliyozibwa na toleo hilo ilipewa namba CVE-2023-4966 na jina la mitaani la Citrix Bleed. Uzito wake ulipimwa kuwa 9.4 kati ya 10. Iliyagusa malango yanayotumika kuwaingiza wafanyakazi wanaofanya kazi nje ya ofisi. Mtu wa nje aliweza kulifanya lango limwage vipande vya kumbukumbu yake, na ndani ya vipande hivyo mlikuwa na tokeni za watu waliokwisha kuingia. Mwizi akishika tokeni hiyo hahitaji neno la siri wala namba ya simu ya uthibitisho. Lango linamwona ni mfanyakazi yule yule anayeendelea na kazi yake.

Msomaji asidhani kuwa siku 29 ndizo zilizokuwa nyingi. Kampuni ya Comcast ya Marekani ilieleza kuwa wezi waliingia kwake kati ya Oktoba 16 na 19, 2023, na taarifa za wateja karibu milioni 36 zikaguswa. Yaani siku sita baada ya dawa kufika dukani, mgonjwa alikwisha kuzidiwa.

Kwa nini basi ofisi huchelewa? Sababu inayosikika zaidi ni hofu ya kufunga lango. Dalali wa hisa au muuzaji wa fedha za kigeni hataki kusikia kuwa wateja hawaingii, hata kwa nusu saa. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo lango ni moja. Lakini ofisi nyingi za fedha zimekwisha kulipia malango mawili yanayosaidiana, na fedha hizo zililipwa hasa ili kazi hii ifanyike bila kufunga. Aliyenunua pacha kisha akasubiri mwezi mzima kupandisha toleo amelipa mara mbili akapata moja.

JINSI PACHA WANAVYOFANYA KAZI

Zamani lango lilikuwa sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Siku hizi mara nyingi ni mashine pepe, yaani programu inayokaa ndani ya seva kubwa pamoja na wenzake kadhaa, kila moja ikijiona ina kompyuta yake peke yake. Anayewagawia nafasi, kumbukumbu na nyaya ni programu msimamizi iitwayo haipavaiza. Zinazojulikana sana ni ESXi ya VMware, Hyper-V ya Microsoft, na KVM.

Malango mawili hufungwa kama jozi. Mmoja ni mkuu, ndiye anayehudumia wateja. Wa pili ni msaidizi. Ni kama basi la masafa marefu lenye madereva wawili: mmoja ameshika usukani, mwenzake amekaa kiti cha nyuma. Tofauti ni kwamba hawa hawaruhusiwi kusinzia. Katika NetScaler, kila mmoja humtumia mwenzake pigo la uhai kila baada ya sehemu 200 kati ya 1,000 za sekunde. Mapigo yakikatika kwa sekunde tatu, msaidizi huamini kuwa mkuu amekufa, hushika usukani na kuutangazia mtandao kuwa anwani ya wateja sasa iko kwake.

Mabadiliko ya mipangilio hutoka kwa mkuu kwenda kwa msaidizi, kamwe si kinyume. Jambo hilo litatuhusu baadaye.

KABLA YA KUGUSA KITU

Cha kwanza kuuliza ni kama pacha hao wanalala nyumba mbili. Haipavaiza yenye seva kadhaa huweza kuhamisha mashine pepe yenyewe ili kusawazisha mzigo, na baada ya miezi kadhaa malango yote mawili yanaweza kukutwa ndani ya seva moja bila mtu kujua. Hapo ulicholipia kimeyeyuka: seva moja ikizimika, malango yote yamezimika. Dawa ni kuweka kanuni ndani ya haipavaiza inayokataza wawili hao kukaa pamoja. Aidha, usafiri huo wa kujiendesha usimamishwe siku ya kazi, maana mashine inapohamishwa husita kidogo, na msaidizi anaweza kudhani mkuu amefariki.

Kosa jingine la nyumba hii ya kupanga liko kwenye swichi pepe. Jozi nyingine hutumia anwani moja ya kadi ya mtandao inayohama kutoka lango moja kwenda jingine. Haipavaiza, kwa ulinzi wake, inaweza kukataa mashine inayotuma taarifa kwa anwani ambayo si yake ya kuzaliwa. Kwenye ESXi ruhusa hiyo huwekwa kwa kila kundi la milango ya swichi. Ikiwekwa kwenye seva moja ikasahaulika kwenye nyingine, zamu itabadilishwa kwa shangwe, taa zote zitakuwa za kijani, na hakuna mteja atakayeingia.

Nakala ya faili la mipangilio ichukuliwe kutoka malango yote mawili na ihifadhiwe nje ya seva hizo. Picha ya mashine nzima, ambayo haipavaiza huichukua kwa dakika chache, ni nyongeza nzuri lakini isiwe tegemeo pekee. Kumbuka kuwa mipangilio hutoka kwa mkuu: lango likirudishwa kwenye picha ya zamani kisha likashika ukuu, litamlazimisha mwenzake kusahau yote yaliyoongezwa tangu siku hiyo. Pia leseni ya lango pepe la NetScaler inaweza kuwa imefungwa kwenye anwani ya kadi ya mtandao. Ukiunda mashine mpya kutokana na nakala na haipavaiza ikaipa anwani nyingine, leseni inakataliwa.

Mengine ni ya kawaida: nafasi ya diski, na kuhakikisha kuwa toleo jipya linakubaliana na toleo la haipavaiza mliyo nayo.

Kuhusu saa ya kazi, wengi hupenda usiku wa Jumamosi. Sisi tunaona jioni ya siku ya kazi ni bora, baada ya soko kufungwa na malipo ya siku kukamilika. Kampuni ya simu bado ina watu wa kupokea malalamiko, na asubuhi wateja wataingia kwa wingi huku mhandisi bado anakumbuka alichofanya.

ANAYEANZA NI MSAIDIZI

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Msaidizi huzuiwa kwanza asipokee zamu, kisha hupewa toleo jipya na kuwashwa upya. Wateja wanaendelea kuhudumiwa na mkuu, hawajui lolote. Msaidizi akirudi akiwa na toleo tofauti na la mkuu, NetScaler husimamisha yenyewe ulinganishaji wa mipangilio kati yao. Hilo si hitilafu. Ila ni onyo kwamba katika kipindi hicho mtu yeyote asiongeze mteja, cheti wala kanuni mpya, kwa sababu haitafika upande wa pili.

Mhandisi humkagua msaidizi: je, anaona kadi zake zote, leseni ipo, huduma za nyuma zinaitika? Akiridhika, humwondolea kizuizi na kuamuru zamu ibadilishwe.

Hapa ndipo penye thamani ya somo zima, na ndipo ofisi nyingi huogopa. Msaidizi ambaye hajawahi kushika usukani ni tumaini tu. Wafanyabiashara wa hisa wana mfano wao, ingawa haukuwa wa lango bali wa mtambo pacha wa kuhifadhi taarifa. Oktoba 1, 2020, saa 1.04 asubuhi, kumbukumbu ya mtambo mmoja kwenye Soko la Hisa la Tokyo iliharibika. Pacha wake alikuwa mzima, amewashwa, anasubiri. Hakupokea zamu. Uchunguzi ulionyesha kuwa kipengele kimoja cha mipangilio kilikuwa kimezimwa. Katika toleo la zamani la mtambo huo, kipengele hicho hata kikizimwa zamu ilikabidhiwa baada ya sekunde 15. Katika toleo lililofuata, kukizima kulimaanisha zamu haikabidhiwi kabisa, na kitabu cha maelekezo hakikurekebishwa.

Soko halikufunguliwa siku hiyo nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu lianze kufanya biashara yote kwa kompyuta mwaka 1999. Rais wa soko hilo, Koichiro Miyahara, alijiuzulu Novemba 30, 2020.

Kwa hiyo kila toleo jipya linaweza kubadilisha maana ya neno lile lile la zamani, na njia ya kulijua hilo kwa bei nafuu ni kubadilisha zamu kwa makusudi, jioni uliyoichagua, mhandisi akiwa amekaa mbele ya kompyuta. Mwekezaji mdogo asiyejua lolote kuhusu seva anaweza kumwuliza dalali wake swali moja tu: mara ya mwisho mlibadilisha zamu kwa hiari yenu lini? Asiyeweza kutaja tarehe amejibu.

Zamu inapobadilishwa kati ya matoleo mawili tofauti, wateja waliokuwa ndani hukatwa na kulazimika kuingia tena. Waambieni mapema. Kisha aliyekuwa msaidizi aachwe ahudumie. Dakika kumi hazitoshi. Saa moja au mbili ya wateja halisi huonyesha mengi zaidi. Kukitokea tatizo, yule wa zamani bado yuko vile vile na hurudishiwa usukani mara moja. Lakini kama sababu ya kupandisha toleo ilikuwa kasoro ya usalama, kumrudishia ni kulifungua tena lile tundu, na uamuzi huo ufanywe na mwenye biashara, si na fundi peke yake saa tano za usiku.

Mambo yakienda vizuri, yule wa pili naye hupandishwa toleo kwa njia ile ile. Matoleo yakilingana, ulinganishaji wa mipangilio hurudi. Hakikisheni kuwa umerudi kweli, kwa kubadilisha kitu kidogo kwa mkuu na kukitafuta kwa msaidizi. Zamu ibadilishwe mara nyingine ili kila mmoja awe ameshika usukani akiwa na toleo jipya.

WALIOKWISHA KUINGIA

Ofisi zilizofika hapa Oktoba 2023 zikaenda kulala zilikuwa zimeziba tundu na kumwacha mwizi sebuleni. Tokeni zilizoibwa kabla ya toleo jipya ziliendelea kukubaliwa baada yake, kwa kuwa lango halikuwa na sababu ya kumshuku mtu aliyekwisha kukaguliwa. Ndiyo maana Citrix ilishauri kuwa baada ya kupandisha toleo, vikao vyote vilivyo hai vifutwe kwa amri. Wafanyakazi wote hutolewa nje na kuingia upya kwa neno la siri. Watanung'unika.

Juni 2025 ilitangazwa kasoro nyingine ya ukoo ule ule, CVE-2025-5777, na maelekezo yakawa bayana zaidi kwa wenye jozi: vikao vifutwe baada ya malango yote mawili kuwa na toleo lililorekebishwa. Ukifuta katikati ya kazi, wakati mmoja bado ni wa zamani na anaweza kurudi kwenye usukani, tokeni mpya zinaweza kuvuja kupitia tundu lile lile, na kazi yote inaanza upya.

Linalobaki ni usafi. Kizuizi cha msaidizi kiondolewe kama kilisahaulika, usafirishaji wa mashine pepe urudishwe, na picha zilizochukuliwa mwanzoni zifutwe. VMware hushauri picha moja isitumike zaidi ya saa 72, kwa sababu huendelea kunenepa kila mashine inapoandika, hadi diski ijae na lango lisimame lenyewe.